Mkia Umepakwa Rangi ya Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Nairobi, kwenye ukumbi mmoja wa South C, mbele ya wanafunzi wa urubani, wazazi wao na marubani wachache wenzangu. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Nimeacha picha za ukutani tu, ambazo hata hivyo projekta ilikataa kuzionyesha.

Wazazi wangu, vijana, marubani wenzangu, habari za mchana?

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajapata chai. Chai inakuja, nimeona sufuria kwa macho yangu.

Nilipokuwa nashuka gari pale langoni, mama mmoja alinishika mkono. Hakunisalimia kwanza. Aliniambia, "Kapteni, tumeuza shamba la Kangundo. Pesa karibu yote imeliwa na masaa ya kuruka pale uwanja wa ndege wa Wilson. Niambie ukweli, huyu mtoto ataajiriwa na nani?" Mama, uko wapi? Inua mkono. Asante. Sikukujibu pale langoni kwa sababu jibu lako ni refu, na nilitaka wengine pia walisikie.

Najua ulitarajia nikutajie jina la kampuni. Shida ni kwamba katika kazi yetu jina lililo kwenye ndege na jina lililo kwenye karatasi ya mshahara yanaweza kuwa majina mawili tofauti. Mimi nililijifunza hilo nikiwa na nywele nyeusi bado, ndani ya hanga, saa kumi alfajiri.

Miaka hiyo nilikuwa kapteni wa ndege za propela katika kampuni ambayo sitaitaja. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kurusha safari fupi kwa niaba ya kampuni kubwa, ambayo nayo sitaitaja. Abiria alinunua tiketi kwa kampuni kubwa. Mkia ulikuwa na nembo ya kampuni kubwa. Hata peremende tulizogawa zilifungwa kwa karatasi ya kampuni kubwa. Mimi mwenyewe nikienda nyumbani Desemba, wazee wakiniuliza nafanya kazi wapi, nilitaja ile kubwa. Mnacheka, lakini nani kati yenu angetaja ile ndogo?

Siku hiyo nimefika, shati limenyooka, begi mkononi. Nikapitia hangani kumsalimia fundi mmoja rafiki yangu. Nakuta ndege niliyoirusha jana yake imezungushiwa jukwaa la vyuma, na vijana wawili wako juu wanakwangua mkia kwa msasa. Nembo imebaki nusu. Vumbi la rangi linashuka polepole kwenye mwanga wa taa, linatua sakafuni, linatua kwenye viatu vyangu nilivyong'arisha usiku. Nikauliza, "Sasa tunapaka rangi gani?" Mmoja akashusha barakoa, akasema, "Hatujaambiwa rangi, Kapteni. Tumeambiwa tutoe tu."

Tumeambiwa tutoe tu. Barua yangu ililetwa baada ya siku tatu, lakini kwa kweli nilikuwa nimeshaisoma pale hangani, kwenye ule mkia.

Tulikuwa tumekosea nini? Ndege zilijaa. Hatukuwa tumeanguka, hatukuwa tumechelewesha watu kuliko wengine. Kampuni kubwa ilimpata mwingine aliyesema atarusha safari zilezile kwa bei nafuu, ikatoa notisi ya miezi mitatu kama mkataba ulivyosema, ikahama. Notisi waliipata wakubwa wetu. Walipotualika nyama choma ya mwisho wa mwaka na kutushukuru kwa kujitolea kwetu, notisi ilikuwa tayari imelala kwenye droo. Hilo la nyama ndilo bado linaniuma.

Sasa nyinyi watu wa Nairobi, hii habari mnaijua vizuri kuliko mnavyodhani. Nendeni steji ya Odeon jioni. Matatu imeandikwa ubavuni jina la Sacco, imechorwa vizuri, muziki uko juu. Mwenye gari yuko Rongai amelala. Dereva aliyekabidhiwa gari ameshuka kula. Anayekupeleka wewe nyumbani ni nani? Ni skwodi! Amepewa gari kwa raundi mbili, atalipwa chake, atarudi steji kungoja aitwe tena. Gari likijaa, faida si yake. Kesho hana ahadi na mtu. Na wewe abiria ukiulizwa ulipanda nini, utataja jina la Sacco.

Vijana, sehemu kubwa ya urubani wa safari fupi imegeuzwa skwodi, ila skwodi hii ina mistari begani.

Jambo hili lilikomaa Marekani, na napenda kulitazama huko kwa sababu huko limeandikwa kila hatua, kortini na bungeni. Mwaka 1978 serikali yao iliacha kupangia kampuni za ndege njia na nauli. Kampuni kubwa zikajipanga upya: abiria akusanywe kutoka miji midogo kwa ndege ndogo, ashushwe kwenye kiwanja kikubwa, apande ndege kubwa. Zile ndege ndogo wakapewa wengine kwa mkataba. Kwa mikataba iliyokuja kuzoeleka, kampuni kubwa ndiyo inayopanga ratiba, inauza tiketi, inachukua nauli, na kwa kawaida inabeba gharama ya mafuta. Kampuni ndogo inalipwa ada ya kurusha. Wakati mmoja karibu nusu ya safari zote za ndani ya Marekani zilikuwa zinarushwa hivyo.

Hebu tuwe wahasibu kidogo. Mafuta si yako. Nauli si yako. Ndege imeundwa Brazil au Kanada, sawasawa na ya jirani yako. Zabuni inakuja na unataka kuishinda. Utapunguza nini?

Nani amesema mshahara? Simama tukuone. Mpeni huyo leseni aende nyumbani.

Lakini kuna uchungu mwingine ndani ya hesabu hiyo, na huu ndio niliouelewa nikiwa nimechelewa. Rubani hulipwa kwa ukongwe wake kazini. Kampuni ikikaa na watu wake miaka kumi na tano, watu wake wanakuwa wakongwe, na wakongwe ni ghali. Kampuni iliyofunguliwa mwaka jana ina watu wote wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mkataba ukiisha, kazi inahamia kwa yule mchanga. Baada ya muda yule naye anakua, naye anaitwa ghali, kazi inahama tena. Ule uaminifu wa kukaa mahali pamoja, ambao wazazi wetu walitufundisha kwamba ndio heshima ya mfanyakazi, unaingia kwenye hesabu kama hasara.

Niwape mfano wa Comair ya Cincinnati. Si ile Comair ya Afrika Kusini, hii ni ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1977, mwaka uleule Kenya Airways ilipozaliwa baada ya shirika letu la Afrika Mashariki kuvunjika. Ilikua ikirusha abiria wa kampuni kubwa, Delta, hadi Delta yenyewe ikainunua yote. Marubani wake wakafikiri hivi, na mimi ningefikiri vilevile: tunabeba abiria wa Delta, tiketi ni za Delta, mwenye kampuni ni Delta, basi tuingizeni kwenye orodha moja ya ukongwe na marubani wa Delta. Wakakataliwa. Mwaka 2001 wakagoma. Siku 89! Kampuni nzima ikakaa chini, na mwishowe wakapata mkataba mzuri kuliko wa wenzao wengi wa ndege ndogo. Walisherehekea, na walistahili.

Mnajua kilichofuata? Walikuwa wameshinda, kwa hiyo walikuwa ghali. Miaka iliyofuata ndege zilipunguzwa moja baada ya nyingine, safari zikagawiwa wengine. Kufika Septemba 2012 Comair ikafungwa. Abiria wa Cincinnati aliendelea kununua tiketi ya Delta kama kawaida. Ndege iliendelea kuja na rangi ileile. Kapteni wa miaka ishirini ndiye aliyelazimika kubisha mlango wa kampuni nyingine na kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, chini ya kijana, kwa mshahara wa kijana, kwa sababu ukongwe wa rubani hauhamishiki.

Marubani wenzangu, naona mnaitikia kwa kichwa. Mngependa niishie hapo, kwenye ubaya wa mameneja. Sitaishia hapo.

Nani aliwakatalia wale wa Comair orodha moja? Delta haikutaka, ndiyo. Lakini hata chama chao cha marubani, ambamo wakubwa na wadogo wote walikuwa wanachama, hakikulibeba ombi hilo. Na tukirudi nyuma zaidi, kwenye mikataba ya marubani wa kampuni kubwa kuna kifungu kinachosema ndege ya kuanzia viti kadhaa lazima irushwe na walio kwenye orodha yao. Iliyo chini ya hapo inaweza kutolewa nje. Mwanzo mpaka huo ulikuwa chini. Ndege za jeti za viti 50 zikaruhusiwa nje. Kisha 70. Leo katika kampuni kubwa za kule ni 76. Mara nyingi mpaka uliposogezwa, marubani waliupigia kura. Hoja ilikuwa nini? Wapeni hao ndege ndogo, mtulindie mishahara ya ndege kubwa. Ndege ya viti 50 waliiona kama bodaboda. Nani aliyerusha Boeing atataka kushushwa kwenye bodaboda?

Wengine walisukumwa kwenye ukuta, nakubali, kampuni ikiwa imeshawasilisha ombi la kufilisika na jaji ameshika kalamu. Lakini wengine ilikuwa ni kiburi tu. Kiburi hicho nakijua kwa sababu ninacho. Nikiwa kapteni sikuwahi kuuliza wale mabinti wa kuhudumia abiria walioajiriwa kupitia wakala wanalipwa shilingi ngapi. Niliona hilo ni la wao. Kumbe wakala wangu mimi alikuwa njiani anakuja.

Sasa nije kwa wazazi, maana mnaweza kusema haya ni ya marubani na matumbo yao. Nyinyi ndio mnaokaa nyuma.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, jimbo la New York. Watu 50 walikufa, 49 waliokuwa ndani na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ilikuwa na jina la kampuni kubwa, Continental, ubavuni. Iliyokuwa inairusha ni kampuni ya mkataba, Colgan Air. Ilikuwa Q400, ndege ya propela ya aina ileile inayowapeleka wengi wenu Mombasa na Kisumu, na ni ndege nzuri. Haikuwa na hitilafu. Wachunguzi walisema kapteni, ndege ilipotoa onyo kwamba inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea, alivuta usukani pale alipopaswa kuusukuma. Hilo ndilo kosa, na silifichi.

Lakini uchunguzi ulifunua na mengine. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa anaishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, kwa wazazi wake. Usiku wa kuamkia safari alivuka Marekani nzima akiomba viti kwenye ndege za mizigo, akafika Newark asubuhi, akajipumzisha kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi. Alikuwa na mafua. Mshahara wake uliposomwa kwenye kikao, watu walitazamana. Aliwahi kufanya kazi ya pili kwenye mkahawa wa kahawa. Wachunguzi hawakusema uchovu ndio ulioiangusha ndege. Walisema huenda ulichangia, bila kuweza kupima kwa kiasi gani. Mimi nawauliza wazazi: binti huyo ni wa nani kama si kama hawa tulio nao hapa?

Familia za waliokufa hazikunyamaza. Walikwenda bungeni tena na tena, wamebeba picha. Mwaka 2010 sheria ikapita: kupumzika kwa marubani kupangwe upya, rubani msaidizi naye awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida inataka masaa 1,500, na anayeuza tiketi mtandaoni aonyeshe tangu mwanzo ni kampuni gani itakayorusha ndege. Hebu fikirini, ilibidi sheria iagize abiria aambiwe anapanda gari la nani.

Na majuma machache tu kabla ya ajali hiyo, Kapteni Sullenberger, Mmarekani, injini zake zikiwa zimezimika, alikuwa ametua juu ya mto Hudson, New York, na kuokoa watu wote 155. Mnamkumbuka. Alipoitwa bungeni Februari hiyohiyo alipigiwa makofi, kisha akawaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa asilimia 40 na pensheni yake imefutwa na badala yake akapewa kitu cha senti chache. Akasema hamjui rubani hata mmoja wa kazi hiyo anayetaka mtoto wake amfuate. Nilisita kuwaambia hilo leo. Lakini mama ameuza shamba, anastahili kusikia.

Nyumbani je? Hapa kwetu hali si nakala ya Marekani, na sitaki mtu aondoke akisema Kapteni amesema fulani ni mwizi. Kenya Airways ina kampuni tanzu ya nauli nafuu, Jambojet, tangu 2014, na imewapandisha ndege Wakenya wengi ambao hawakuwahi kuota. Mimi nauliza tu orodha ni ngapi na nani yuko kwenye ipi. Lakini uamuzi wa wakubwa unavyomfikia rubani tumeuona. Shirika lilijipanga kupanuka kwa kasi, likachukua ndege kubwa, kisha watalii wakapungua kwa hofu ya ugaidi, Ebola ikafunga njia za Afrika Magharibi, na mwaka wa fedha ulioisha Machi 2015 hasara ikawa shilingi bilioni 25.7. Ndege kubwa mpya zikakodishwa kwa Waturuki na Waomani. Ndege ziliondoka, marubani hawakukodishwa pamoja nazo. Wengi wakafunga mizigo wenyewe, Ghuba, Asia. Novemba 2022 waliobaki wakagoma, mojawapo ya madai ikiwa michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa, na baada ya siku chache mahakama ikawaamuru warudi kazini. Mitandaoni waliitwa watu wa mishahara minono. Huenda ni kweli, minono. Lakini aliyetia sahihi ununuzi wa ndege hakuwa rubani, na wakati wa kubana mkanda rubani ndiye aliyetafutwa kwanza, yeye na fundi na mbeba mizigo.

Nafupisha, naona vikombe vimefika.

Kuna mtu ataniambia soko ndilo soko, pesa hazipo. Sawa. Mwaka 2022, baada ya korona, Marekani iliishiwa marubani. Kampuni ndogo zilizo chini ya American Airlines, ambazo kwa miaka zilisema hazina uwezo, zikapandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi dola 90 kwa saa. Ndani ya majira ya joto moja tu! Ndege zilezile, abiria walewale. Zile pesa zilitoka wapi?

Basi mama, nirudi kwako. Mtoto wako ataajiriwa. Siku atakapoletewa mkataba atafurahi, atataka kutia sahihi hapohapo mlangoni, na nyinyi mtataka kupiga picha. Mshikeni mkono kidogo. Aulize mkia umepakwa rangi ya nani na mshahara unatoka kwa nani. Kama ni wawili, aulize mkataba kati ya hao wawili unaisha lini na notisi ni ya siku ngapi, na notisi hiyo ikija yeye ataambiwa siku gani. Hawatapenda swali hilo. Aulize mafunzo ya aina ya ndege atakayorusha yamefungwa kwa deni la miaka mingapi, kwa sababu nimeona vijana wameachishwa kazi na bado wanadaiwa mafunzo. Aulize chama kipo au hakipo, na kama kipo, kinawachukua na wale wa ndege ndogo? Na akiambiwa na rubani mkongwe kama mimi kwamba hayo ni ya wadogo, amkumbushe vumbi la rangi.

Mimi baada ya ile barua nilikaa miezi kumi na minne bila ndege. Cheti cha daktari hakingoji, mtihani wa simuleta haungoji, na vyote nilivilipia mwenyewe nikiwa sina kazi. Niliuza gari. Nilifundisha pale Wilson kwa malipo ya saa, skwodi kamili, hadi nikapata kiti cha kulia kwingine, na kapteni wangu alikuwa kijana niliyemfundisha mimi. Alikuwa na adabu sana. Aliniita mwalimu hadi juu ya mawingu, na mimi nilimwita kapteni, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Chai imefika. Vijana ambao tayari mmepewa mikataba msome hata kabla ya kuhitimu, na najua mko hapa angalau wawili, nileteeni pale kwenye meza ya nyuma, karibu na mandazi. Nimekuja na miwani.